Duka Linapofungwa: Habari za Maduka ya Ushirika na Maduka Makubwa, na Shauri la Tunduma

Bodi ya Chama imeniagiza niandike habari kwa ajili ya kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu. Wenzangu wameandika juu ya kahawa, pembejeo na ukaguzi wa hesabu. Mimi nimechagua habari za maduka, na sababu yake wajumbe wa Mkutano Mkuu wanaifahamu. Vyama vya msingi kadhaa vimeleta ombi kwamba Chama Kikuu kifungue duka kubwa mjini Tunduma, duka la kujichagulia mwenyewe, ambalo siku hizi huitwa supamaketi, ili mkulima apate sabuni, sukari na mabati kwa bei ya haki, na tena apate mahali pa kuuzia mchele wake, maharage yake na kahawa iliyokwisha kusagwa. Ombi hilo limetolewa kwa nia njema, wala sina haki ya kulidharau. Lakini kabla ya kupiga kura yafaa tujue maduka ya namna hiyo yaliyotangulia yalipatwa na nini, maana mengi yamefungwa, na yale ya ushirika ndiyo yaliyofungwa kwa wingi zaidi.

Wanaushirika wote duniani hutaja mji wa Rochdale, huko Uingereza. Tarehe 21 Desemba 1844 watu wachache, baadhi yao wafumaji wa nguo, walifungua duka katika njia iitwayo Toad Lane. Walikuwa 28, na mtaji wao ulikuwa paundi 28, walizozikusanya kidogo kidogo. Waliuza siagi, sukari, unga na mishumaa, basi. Tumezoea kusimulia habari hii kama hadithi ya ushindi, lakini husahauliwa kwamba katika mji uleule duka jingine la ushirika lilikwisha kufa miaka kama kumi kabla yake, nalo liliuawa na mikopo: wanachama walichukua bidhaa bila kulipa, wakiahidi kulipa mshahara utakapopatikana. Waliofungua duka la Toad Lane waliyajua hayo. Ndiyo maana wakaweka sharti la fedha taslimu kwa kila mtu, na faida wakaigawa kwa kadiri kila mwanachama alivyonunua. Kukataa kukopesha hakukuwa ukali wa moyo, bali yalikuwa maarifa waliyoyapata mbele ya duka lililofungwa.

Huku kwetu ushirika ulizaliwa kwa njia nyingine. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata Chama Kikuu cha Wakulima wa Kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kiliandikishwa. Baadaye Bukoba na nchi ya pamba ya Usukuma zikafuata. Vyama hivyo vyote viliundwa ili mkulima auze mazao yake pasipo kupunjwa. Havikuundwa ili anunue. Jambo hili laonekana dogo, lakini naliona ndiyo ufunguo wa habari yote. Kazi ya kuuza kahawa huja kwa msimu. Zao ni moja, wanunuzi ni wachache, na hesabu hufungwa mara moja kwa mwaka. Duka lina bidhaa mia tano, kila moja na bei yake, na hesabu yake hubadilika kila saa. Katibu aliye hodari wa kupima kahawa aweza kuwa mgeni kabisa katika kuuza biskuti. Sisi tulidhani kwamba maadam tumeweza la kwanza, la pili litafuata lenyewe.

Ilipopatikana Uhuru, biashara ya rejareja na ya jumla ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiasia na makampuni ya Kizungu, na Serikali ilitaka wananchi nao washike sehemu yake. Mwaka 1962 ikaundwa COSATA, chama cha ugavi cha kuuza bidhaa kwa jumla kwa maduka ya ushirika, kwa msaada wa wataalamu kutoka Israeli. Maduka yalifunguliwa upesi kuliko walivyoweza kufundishwa watu wa kuyaendesha. Mwaka 1966 Kamati Maalum ya Rais iliyochunguza ushirika iliandika bila kuficha kwamba wanachama hawakuelewa chama ni mali yao, kwamba makarani wengi hawakuwa na ujuzi wala uaminifu, na kwamba siasa iliingizwa mahali pasipo pake. Kisha likaja Azimio la Arusha. Mwezi wa Februari 1967 makampuni makubwa ya biashara ya jumla yalitaifishwa, na COSATA yenyewe ilikuwa katika orodha hiyo, pamoja na Smith Mackenzie na Dalgety. Yote yakawekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa, yaani STC. Kwa hiyo duka la ushirika la kijijini likabaki na jina lake, lakini ghala lililolilisha halikuwa tena la wanaushirika. Shirika hilo nalo lilielemewa, na mwaka 1973 likagawanywa, kila mkoa ukapata Kampuni yake ya Biashara, ile iliyojulikana kwa herufi tatu, RTC.

Wazee wetu wa Mbozi, Ileje na Momba wanayakumbuka mambo ya RTC. Wakati huo Songwe haikuwa mkoa. Ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya mpaka ilipotengwa mwaka 2016. Bidhaa zilitoka Mbeya mjini, zaidi ya kilomita mia moja kutoka Tunduma, na zilitoka kwa mgao. Mwenye duka la kijiji hakuchagua anachotaka wanunuzi wake, alipewa kilichokuwapo. Mara nyingi aliambiwa kwamba hapati sukari mpaka achukue pia bidhaa nyingine zilizolala ghalani, ambazo hakuna mtu kijijini kwake aliyezihitaji. Bei nayo ilipangwa na Tume ya Bei, iliyoundwa mwaka 1973, na faida iliyoachiwa muuzaji wa mwisho ilikuwa nyembamba mno kwa duka lililo mlimani Ileje, ambako nauli ya lori peke yake yaweza kumaliza faida yote. Kwa hesabu za kawaida, duka la namna hiyo lilikuwa likila mtaji wake tangu siku ya kwanza. Ilikuwa ni suala la muda tu.

Mwaka 1976 yalitukia mambo mawili yaliyoyapiga maduka kwa pamoja. Kwanza kulikuwa na Operesheni Maduka. Vijiji viliagizwa vianzishe maduka yao, na mahali pengi maduka ya watu binafsi yalifungwa kabla maduka ya kijiji hayajawa na bidhaa. Watu wakakaa bila chumvi huku duka la jirani likiwa na kufuli. Shida ilionekana mara, na amri ile ikalegezwa mwaka uleule, lakini wafanyabiashara wadogo wengi hawakurudi tena vijijini. Pili, mwezi wa Mei mwaka huohuo, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Mazao yakakabidhiwa mamlaka za mazao, kahawa ikienda kwa Mamlaka ya Kahawa, na kijiji chenyewe kikahesabiwa kuwa ndicho chama. Mali, magari na majengo ya vyama vikuu yakachukuliwa na wengine. Mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1982, iliyorudisha vyama vikuu, nchi haikuwa na vyama vikuu vya ushirika juu ya kijiji. Mtu akiuliza kwa nini maduka yetu ya zamani hayana hata daftari moja lililosalia, ajue kwamba daftari zile zilibadilisha mwenyewe mara tatu katika miaka kumi.

Kisha zikaja shida za baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Bei ya mafuta ilipanda, fedha za kigeni zikaisha, viwanda vikakosa malighafi. Sabuni ikawa kitu cha kusimulia. Mijini, maduka ya ushirika ya walaji yaliongezeka sana, kwa sababu mgao wa sukari, unga na mafuta ulipitia humo na kwa mabalozi wa nyumba kumi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako mkali dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Huku mpakani magendo yalikuwa njia ya maisha, maana Nakonde iko hatua chache tu, na mstari uliochorwa na Wazungu haujapata kumzuia mtu kwenda kwa shemeji yake.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Maduka yale ya walaji yalionekana kustawi. Foleni zilikuwa ndefu, daftari za hisa zilijaa majina. Lakini mwanachama alikuja kama mpokea mgao, hakuja kama mwenye mali. Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu watu waingize bidhaa kwa fedha zao za kigeni, rafu za watu binafsi zilianza kujaa, na foleni za ushirika zikatoweka. Hakuna aliyetoa amri kwamba maduka ya ushirika yafungwe, wala hakuna mkutano uliopiga kura. Yalikosa tu watu wa kuingia. Karani aliendelea kufungua asubuhi na kufunga jioni, akauza kiberiti na chumvi mpaka fedha ya kununulia chumvi nyingine ikaisha. Mimi nahesabu kwamba maduka hayo yalikuwa yamekufa kabla ya 1984. Mwaka ule ulionyesha tu maiti ilikuwa wapi.

Wapo watakaosema kwamba hayo yalikuwa mambo ya enzi ya mgao, na kwamba sisi tutaweka meneja msomi, mashine za kuhesabia na kamera ukutani. Basi tuwatazame waliokuwa na vyote hivyo. Kampuni ya Shoprite ya Afrika Kusini, ambayo ni kubwa kuliko zote barani, iliondoka Tanzania mwaka 2014 na kuuza maduka yake matatu kwa Nakumatt ya Kenya. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 2015, Uchumi, kampuni nyingine ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1975, ilifunga maduka yake yote ya Tanzania na Uganda kwa sababu yalikuwa yakiitia hasara. Nakumatt nayo ilikuwa na maduka zaidi ya sitini katika nchi nne, na wengi waliiona kama mlima usiotikisika. Mwezi wa Januari 2018 mahakama ya Kenya iliiweka chini ya msimamizi, na kabla mwaka ule haujaisha maduka yake ya Tanzania yalikuwa yamefungwa. Mwezi wa Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ivunjwe. Tuskys, iliyokuwa imechukua nafasi yake ya mbele huko Kenya, haikukawia kuanguka kwa njia ileile.

Njia hiyo sisi wakulima yatupasa kuijua vizuri kuliko mtu yeyote, maana fedha zinazopotea ni zetu. Duka kubwa halinunui bidhaa kwa fedha taslimu. Mkulima au mwenye kiwanda hupeleka mzigo, hupewa karatasi, na huambiwa arudi baada ya siku thelathini, sitini au tisini. Katika siku hizo duka limekwisha kuuza mzigo ule kwa fedha mkononi. Meneja mwenye tamaa huona fedha nyingi katika droo, naye husahau kwamba si zake, akazitumia kufungua tawi jipya. Tawi jipya nalo hupokea mizigo kwa karatasi. Mambo huenda hivyo mpaka mauzo yashuke kidogo, ndipo wenye mizigo wakose malipo na wakatae kuleta mingine. Rafu zikionyesha matundu, wanunuzi huenda kwingine, na mauzo hushuka tena. Tangu rafu ya kwanza iliyo tupu hadi kufuli mlangoni si muda mrefu. Siku ya kufunga, benki ina dhamana yake na Serikali ina haki yake ya kodi. Aliyeleta maziwa, mayai na nyanya hana kitu ila karatasi.

Wala tusijidanganye kwamba jina la ushirika lingetukinga. Katika mji wa Berkeley, Marekani, kulikuwa na chama cha walaji kilichosifiwa sana, chenye wanachama zaidi ya laki moja na maduka kadhaa makubwa. Kilinunua maduka mengine katika miji ya jirani, yakawa mzigo. Wajumbe wakagawanyika wao kwa wao. Na mwaka 1988 maduka ya mwisho yakafungwa. Wanachama laki moja hawakutosha, kwa sababu wengi wao walikuwa na kadi mfukoni na kikapu katika duka la mtu mwingine.

Nimefika sasa Tunduma kwenyewe. Mji huu umekuzwa na njia. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wake wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilifungiwa mlango wa kusini, na mafuta yake yakaanza kupita hapa kwa malori, katika barabara ya vumbi iliyoua madereva wengi. Baadaye likaja bomba la mafuta la TAZAMA, kisha barabara ya lami, kisha reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976. Kila kimoja kilileta watu, na watu wakaleta vibanda. Leo Tunduma ndiyo sokoni petu, na anayeona msongamano wake hudhani kila duka linatengeneza fedha. Mimi, niendaye pale kwa shughuli za Chama, nimeona milango iliyofungwa katikati ya msongamano huo. Sababu si ngumu. Wanunuzi wa ng'ambo huja kwa hesabu ya kwacha na shilingi: kwacha ikipanda, huvuka kuja kwetu, ikishuka, watu wetu ndio wanaovuka kwenda Nakonde kununua. Hakuna meneja anayeweza kuamuru kiwango cha kwacha. Madereva nao hununua wakati wamekwama. Tangu Kituo cha Pamoja cha mpakani kilipozinduliwa mwaka 2019, kusudi la Serikali zote mbili ni kwamba lori lisikwame, na kusudi hilo ni jema. Lakini mwenye duka aliyejenga faida yake juu ya foleni ya malori amejenga juu ya taabu ya mwenziwe, na taabu hiyo ikipungua yeye ndiye wa kwanza kulia. Tena, mbele ya mlango wa duka lolote la kulipa pango na kodi hapo mjini, kuna mama mwenye meza ya nyanya na kijana mwenye toroli la sabuni, wasio na pango wala mishahara. Siwalaumu, wengi wao ni watoto wa wanachama wetu.

Juu ya hayo yote kuna jambo la msimu. Mwanachama wetu wa Mbozi huvuna kahawa yake kati ya Mei na Septemba, na tangu msimu wa 2018 kahawa huuzwa kupitia vyama vyetu vya msingi, malipo yakimfikia baada ya mnada. Mwezi wa Agosti ana fedha. Mwezi wa Februari shamba lataka mbolea, watoto wanataka sare za shule, na mfuko ni mtupu. Hapo ndipo atakapoingia katika duka la Chama chake na kusema, kwa haki kabisa, kwamba kahawa yake i mtini na duka ni lake, basi apewe sukari mpaka msimu. Je, karani atamkatalia mwenye duka? Watu wa Rochdale walilipwa kila juma, nao wakaona taabu kukataa kukopa. Sisi tunalipwa kwa msimu. Kila anayeunga mkono ombi la Tunduma yampasa ajibu swali hili kabla ya kuzungumza habari za rafu na majokofu.

Maoni yangu, ambayo ni yangu mwenyewe wala si ya Bodi, ni kwamba tusifungue duka kubwa Tunduma kwa fedha ya kahawa. Fedha ile tumeshikishwa amana. Si mtaji wa kujaribia. Chama Kikuu kikipata hasara ya dukani, mkulima ambaye hajapata kufika Tunduma atalipia kwa kupunguziwa bei ya kilo yake. Lakini sikubali vilevile kwamba tuache kabisa. Yawezekana kuanza na duka dogo Vwawa au Mlowo, karibu na wanachama walipo, lenye bidhaa zisizozidi thelathini ambazo kila nyumba hununua, na pembejeo. Liandikishwe kama chama chake cha walaji chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, lenye hisa zake na daftari zake, ili likianguka lianguke peke yake. Mali ihesabiwe kila mwisho wa mwezi mbele ya wajumbe wawili wasio watumishi. Liuze kwa fedha taslimu. Kwa ajili ya Februari, mwanachama na awekewe akiba dukani kutoka malipo yake ya kahawa akitaka mwenyewe, ili anunue kwa fedha yake aliyoitanguliza. Mzigo wa mkulima ulipwe siku saba baada ya kupokelewa. Duka likishindwa siku saba, Bodi ipewe taarifa siku ya nane.

Kuna ndugu mmoja mjumbe aliyeniambia kwamba duka la bidhaa thelathini ni aibu kwa Chama chenye umri wa miaka kumi, na kwamba wenzetu watatucheka. Huenda. Lile la Toad Lane nalo lilichekwa lilipofunguliwa, maana bidhaa zake zote zingeweza kubebwa kwa toroli moja.

Ombi la Tunduma na shauri hili la duka dogo vyote viwili vitaletwa katika Mkutano Mkuu ujao. Makisio ya mtaji wa kila moja yamekwisha kupelekwa kwa makatibu wa vyama vya msingi, na nawasihi wayasome kwa sauti katika mikutano ya wanachama, hasa ukurasa unaoonyesha pango la mwezi la jengo la Tunduma, ambao nimeona baadhi ya ndugu wakiupita upesi.